Kukopa kwa Lugha: Habari za Kihispania na Mafunzo Yake kwa Watu wa Pwani

Kuna swali ambalo mwalimu wa Kiswahili hukutana nalo karibu kila mwaka. Mwanafunzi hufungua kamusi, akaona ya kwamba kitabu ni neno lililotoka katika Kiarabu, meza katika Kireno, na shule katika Kijerumani. Kisha huuliza, pengine kwa mzaha na pengine kwa huzuni, kama Kiswahili kina kitu chochote kilicho chake. Wako watu wazima waliosema hivyo kwa dhati. Waliiita lugha yetu mseto, wakaihukumu kuwa haina nasaba. Jambo hili si dogo, kwa kuwa mtu anayedhani lugha yake ni ya kuazima huisema kwa haya, na mwenye haya na lugha yake hatathubutu kuandika kwayo jambo lolote zito.

Njia njema ya kujibu swali hili ni kutazama lugha nyingine iliyopita njia inayofanana na yetu. Nimekichagua Kihispania. Lugha hii leo ni lugha ya mama ya watu wanaokaribia milioni 500. Ni lugha rasmi katika dola 20: Hispania yenyewe, nchi nyingi za Amerika tangu Meksiko mpaka Chile na Ajentina, na moja katika bara letu la Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta. Hapana mtu anayethubutu kusema kwamba lugha ya namna hii haina nasaba. Walakini tukiichungua tutaona kwamba imekopa kama sisi tulivyokopa, na mara nyingi imekopa katika duka lile lile.

Shina la Kihispania ni Kilatini. Majeshi ya Roma yalitua katika nchi ile mwaka 218 kabla ya Kristo, na baada ya karne nyingi Kilatini cha askari na wachuuzi kikawa lugha ya wenyeji. Kisha, mwaka 711, jeshi la Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini lilivuka mlango mwembamba wa bahari likiongozwa na Tariq bin Ziyad. Mlima waliotua chini yake uliitwa Jabal Tariq, yaani mlima wa Tariq. Vinywa vya Wahispania vililainisha jina hilo likawa Gibraltar. Sisi nasi tuna neno jabali, na maana yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuona mwamba. Tangu mwaka ule hata 1492, ulipoanguka mji wa Granada, yaani karibu miaka 800, Kiarabu kilitumika katika sehemu kubwa au ndogo ya nchi ile. Kilikuwa lugha ya dini, ya hukumu, ya kilimo cha kumwagilia maji, ya tiba na ya hesabu. Inakadiriwa kwamba maneno ya Kihispania yenye asili ya Kiarabu yapata 4,000, ukihesabu pamoja majina ya mahali na maneno yaliyozaliwa na mengine.

Katika zama hizo hizo, jahazi za Waarabu na Waajemi zilikuwa zikija na pepo za kaskazi hata pwani yetu, na wazee wetu walikuwa wakisikia maneno yale yale. Basi Mhispania na Mswahili, pasipo kujuana, walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja. Tazama mifano. Mhispania akiagana na mwenzake hadi kesho yake husema hasta mañana. Neno hilo hasta limetoka katika Kiarabu hattā, nalo ni ndugu wa hata yetu, kama tunavyosema "tangu asubuhi hata jioni." Akitaka kumtaja mtu asiyetaka kulitaja jina lake, husema fulano; sisi husema fulani. Kwake sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, na zeituni ni aceituna. Orodha ya bei huiita tarifa, nasi kwa neno la asili hiyo hiyo tukapata taarifa. Shujaa wao mkubwa wa zamani, Rodrigo Díaz de Vivar, aliyefariki mwaka 1099, anajulikana kwa lakabu ya El Cid, na Cid ni sayyid, cheo kile kile walichoitwa masultani wa Unguja.

Mifano hiyo si ya vitabuni tu. Mtu wa Kwale anaweza kuifuata kwa miguu. Pale Diani, karibu na mlango wa mto Mwachema, uko msikiti wa kale wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mhispania akiufikia atauita mezquita, nalo ni neno lile lile masjid katika vazi jingine. Akienda mjini Kwale akakuta mahakama ya Kadhi, atakumbuka kwamba mkuu wa mji kwao huitwa alcalde, na neno hilo ni al-qādī, ijapokuwa kazi yake imebadilika. Akiteremka kusini mpaka Vanga na Wasini, ataambiwa kwamba watawala wa Vumba wa zamani walikuwa na cheo cha Diwani. Kwao neno diwani limekuwa aduana, nalo ni nyumba ya forodha ambapo mfanya biashara hulipa ushuru. Akipita Ramisi, ambako miwa imelimwa kwa miongo mingi, hatahitaji mkalimani ili aelewe neno sukari.

Yafaa sasa tuulize jinsi maneno hayo yalivyopokewa, maana hapa ndipo siri ya lugha ilipo. Waarabu huweka kineno al mbele ya jina. Wahispania, mara nyingi, walilibeba jina pamoja na kineno chake, wakavigandisha viwili hivyo kuwa kimoja: ndiyo sababu sukari yao inaanza kwa a, na kadhi wao anaanza kwa al. Sisi tuliacha kineno tukachukua jina tupu. Kisha kila lugha ilimtia mgeni katika sheria za nyumba yake. Mhispania akitaka wingi wa alcalde huongeza s mwishoni, kama afanyavyo kwa neno lolote la Kilatini. Mswahili alipopata kitāb hakujali wingi wake wa Kiarabu. Aliisikia ki ya mwanzo kama ki ya kisu na kiti, akasema vitabu. Alipopata masjid akaliingiza katika ngeli ya mti na mito, akasema msikiti na misikiti. Mgeni aliingia, lakini aliketi pale alipoonyeshwa na mwenye nyumba. Sarufi ya Kiswahili, yaani ngeli zake, viambishi vyake na minyambuliko ya vitenzi vyake, ni ya Kibantu, jamaa moja na Kidigo na Kiduruma. Nasaba ya lugha hutafutwa katika sarufi yake kwanza. Msamiati ni mali yake, na mali huongezwa.

Wahispania hawakuliona deni hili kuwa aibu. Mwaka ule ule wa 1492 mtaalamu Antonio de Nebrija alitoa sarufi ya Kikastilia, lahaja iliyokuwa inakua kuwa lugha ya dola, nayo ndiyo sarufi ya kwanza iliyochapwa ya lugha hai ya Ulaya. Mwaka 1713 ikaundwa Akademia ya Kifalme ya Hispania ili kuitunza lugha na kuitungia kamusi. Historia yetu ina jambo linalofanana na hilo: mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Na Miguel de Cervantes, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kihispania, aliyekaa utumwani Algiers tangu 1575 hata 1580, alipotunga kisa chake cha Don Quijote, kilichotoka kwa sehemu mbili mwaka 1605 na 1615, alijifanya kwamba amekipata kwa mwanahistoria Mwarabu aitwaye Cide Hamete Benengeli. Kitabu kinachohesabiwa kuwa fahari ya lugha ile kinajidai, kwa utani, kuwa ni tafsiri ya Kiarabu!

Hadi hapa tumeona lugha inayopokea. Sasa tutazame jinsi ilivyotoka kwao ikasambaa duniani, na jinsi wimbi lake lilivyogusa hata ukuta wa Mombasa. Mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka bahari ya Atlantiki kwa amri ya wafalme wa Hispania. Mwaka 1494, kwa mkataba wa Tordesillas, Hispania na Ureno ziligawana njia za bahari na nchi zilizokuwa hazijazijua, kana kwamba dunia ilikuwa chungwa la kukatwa vipande viwili. Magharibi ilikuwa ya Hispania. Mashariki, pamoja na pwani yetu, ilikuwa ya Ureno. Ndiyo sababu mwaka 1498 aliyefika Mombasa na Malindi alikuwa Vasco da Gama, mtumishi wa mfalme wa Ureno.

Lakini mwaka 1580 kiti cha Ureno kilikuwa hakina mrithi thabiti, na Felipe wa Pili wa Hispania akakitwaa. Kwa muda wa miaka 60 mfalme mmoja alitawala Meksiko na Peru, visiwa vya Ufilipino ambavyo hata leo vina jina lake, na ngome za Wareno katika Bahari ya Hindi. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, chini ya mfalme huyo, kwa ramani ya fundi Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Vijana wengi wa Kwale hupita Likoni wakaenda kuitazama ngome hii, na wachache hufikiri kwamba iliinuliwa chini ya mfalme aliyetawala pia Manila na Lima.

Katika enzi hiyo ndipo ulipotokea uasi wa Yusuf bin Hasan. Baba yake aliyekuwa mtawala wa Mombasa aliuawa kwa hila ya Wareno, na kijana akapelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha mwaka 1626 akarudishwa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni akamwua kapiteni na kuwaangamiza Wareno wa mji. Mwaka uliofuata walikuja kuizingira ngome, wakashindwa kuitwaa. Lakini Yusuf naye aliiacha akaenda zake baharini, nao wakarudi. Juu ya lango la ngome yako maandishi ya mwaka 1639 ya kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, anayejisifu jinsi alivyoiadhibu pwani na kuifanya imlipe kodi mfalme wake. Miongoni mwa walioadhibiwa wametajwa Wamusungulo, jina ambalo Wareno waliwaitia watu wa bara ya Mombasa, ambao ni katika wazee wa Wamijikenda. Mfalme anayetajwa kwa taadhima katika jiwe lile alikuwa Felipe wa Nne wa Hispania. Mwaka 1640 Wareno waliivunja nira yake, na mwaka 1698 Waarabu wa Oman wakaitwaa ngome.

Mfalme huyo Mhispania hakutuletea lugha ya Kihispania, kwa sababu Felipe wa Pili alikuwa ameahidi kwamba kazi za dola ya Ureno zitabaki mikononi mwa Wareno. Kwa hiyo maneno tuliyoyapata yalikuwa ya Kireno, ambacho ni ndugu wa Kihispania tumbo moja. Meza, kwao wote wawili, ni mesa. Bendera kwa Mreno ni bandeira, na kwa Mhispania bandera. Kasha ni caixa na caja. Mvinyo ni vinho na vino. Leso, ambayo mama zetu wa Msambweni hawatoki nyumbani pasipo kujifunga, ni lenço na lienzo. Neno gereza limetoka katika igreja, yaani kanisa. Na kwa kuwa kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, na ngome yenyewe ilitumiwa na Waingereza kuwa jela tangu 1895 hata 1958, neno la mahali pa sala limebaki kuwa neno la mahali pa kifungo.

Kulikuwa na mapokeo mengine ambayo hayakuandikwa juu ya jiwe lolote. Mahindi, muhogo, papai, nanasi, pilipili, mkorosho na tumbaku, vyote asili yake ni Amerika, na vyote vilitolewa huko na vyombo vya Wahispania na Wareno. Mkulima wa Lungalunga anayesonga sima ya mahindi jioni anakula mmea uliolimwa kwanza na watu wa Meksiko. Majina mengine yalisafiri pamoja na mimea: nanasi na kanju ni maneno ya Wahindi Wekundu wa Brazili yaliyopita kinywani mwa Mreno, na tumbaku ilianza kuwa tabaco katika visiwa vya Karibi, ikazunguka kwa njia ya Hispania na Asia hata ikatufikia. Fedha nayo ilitembea. Sarafu za Kihispania ziliitwa real, na kwa sababu zilipokewa kila bandari, Waarabu walitoa humo jina la riyali, ambalo mpaka leo ni jina la fedha ya Oman na Saudia. Katika karne ya 19 watu wa pwani yetu walihesabu mali yao kwa reale. Moja iliitwa reale ya mzinga: juu yake zilichorwa nguzo mbili, alama ya mlango wa bahari wa Gibraltar, na wazee walipozitazama waliona mizinga.

Wakati umefika wa kusema upande wa pili, maana historia inayosimulia faida peke yake ni nusu ya historia. Fedha ile ilichimbwa Potosí, katika nchi ya Bolivia ya leo, ambako machimbo yalianza mwaka 1545, na wenyeji walilazimishwa kushuka chini ya ardhi kwa zamu, wengi wasirudi. Waafrika walichukuliwa utumwani kwa maelfu kujaza mashamba na machimbo ya Amerika. Pamoja na watu zilipotea lugha. Nyingine hazikuacha hata orodha ya maneno. Kihispania kimejaa maneno ya Amerika, kama vile maíz, tomate na chocolate, lakini baadhi ya mabaraza yaliyokopesha maneno kama hayo yamenyamaza milele. Hapa ndipo pana tofauti ya kukopa na kunyang'anya: anayekopa humwacha mwenye mali akiwa hai.

Hata hivyo, si lugha zote zilizokubali kuzikwa. Kikechua kinasemwa na mamilioni ya watu katika Peru, Bolivia na Ekwado. Nchini Paraguay watu wengi husema Kiguarani, wenyeji na wazao wa Wahispania pia, na katiba ya mwaka 1992 iliifanya lugha hiyo kuwa rasmi sawasawa na Kihispania. Bolivia, kwa katiba yake ya mwaka 2009, ilizitambua lugha 36 za wenyeji. Na walionyimwa sauti wameichukua lugha ya bwana wakaitumia kwa hoja zao. Gabriela Mistral wa Chile alikuwa mwalimu wa shule, naye mwaka 1945 akawa mwandishi wa kwanza wa Amerika ya Kusini kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Gabriel García Márquez wa Kolombia aliipata mwaka 1982. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, ina watu wanaosema Kifang na Kibubi nyumbani, na Kihispania shuleni. Mwandishi wake Donato Ndongo-Bidyogo alitoa mwaka 1987 riwaya ya Kihispania inayosimulia utoto wa Mwafrika chini ya wakoloni. Utajiri wa Kihispania leo hautoki Hispania peke yake. Watu waliokipokea, wengine kwa hiari na wengine kwa fimbo, wamekirudishia zaidi ya walichopewa.

Je, haya yanatuhusu nini sisi watu wa Kwale? Kiswahili nacho kinakwenda mbali. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na wasemaji wake hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 200. Jibu la mwanafunzi tuliyemtaja mwanzo ni hili: asione haya. Kama hasta haikumfanya Mhispania kuwa Mwarabu, hata haitamfanya Mswahili kuwa mwana asiye na baba. Kitabu ni chetu tangu siku tuliyosema vitabu.

Lakini mwanafunzi huyo huyo ana deni. Wilayani kwetu kuna Kidigo na Kiduruma, na kandokando ya bahari kuna Kichifundi na Kivumba, lahaja za Kiswahili zilizo na utamu wake. Katika Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, wazee hutaja miti kwa majina ya Kidigo ambayo vijana wengi hawayajui. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaamuru dola kuzilinda lugha za wananchi, lakini katiba haina ulimi; lugha hulindwa na anayeisema. Itakuwa aibu kubwa kama Kiswahili, kilichozaliwa na jamaa za Kibantu, kitawafanyia ndugu zake yale ambayo Kihispania kiliwafanyia wageni kule ng'ambo.

Mkubwa ni jalala, walisema wahenga, maana yake mkubwa hupokea kila kitu. Basi tukikikuza Kiswahili, tukikuze kwa kupokea, na mikopo yake ya karibu kabisa ianzie kwa majirani. Ulizeni majina ya pepo kwa wavuvi wa Gazi, na ya dawa kwa waganga wa Kinango, na ya mikeka kwa wasukaji wa Vanga. Yaandikeni, kisha yatumieni katika insha zenu. Lugha iliyokopa kwa Waarabu na Wareno haitapungukiwa kitu ikikopa pia kwa bibi.